Panya Kiziwi au Spika Iliyokufa? Utatuzi wa matatizo ya kupima usikivu wa panya wa maabara

Kila kundi jipya la wanafunzi likianza, ujumbe huingia kwenye simu yangu kabla hawajazoea hata harufu ya banda: "Mwalimu, panya wangu hasikii." Nami hujibu kwa swali: "Spika yako je, inasema?" Hufuata kimya cha dakika kumi hivi. Kisha: "Ngoja kwanza niangalie, Mwalimu."

Haya nimeyakusanya kutoka kwenye ujumbe wa aina hiyo na kutoka kwenye daftari langu mwenyewe, katika chumba kidogo hapa Nairobi chenye kizimba cha waya cha kuzuia umeme wa nje, spika, amplifaya, na kompyuta ambayo ingekuwa mtoto ingekuwa darasa la sita. Nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu saa nne usiku, panya amelala mbele yako, hukumbuki nadharia. Unachokiona ni skrini. Katika kila dalili naanza na sababu inayotokea mara nyingi na ukaguzi usiogharimu kitu.

Kwanza tuwekane sawa. Kiswahili kinawaita wote panya, lakini ninayemzungumzia ni yule mdogo wa gramu 20 hadi 30, si yule wa soko la Gikomba anayemkimbiza paka. Utando wa koklea yake, ile konokono ya sikio la ndani, ukiunyoosha haufiki milimita 7, ilhali wa binadamu hufika kama 35. Ana seli za nywele, zile zinazoipokea sauti, zipatazo 3,000 kwa kila sikio, sisi tuna kama 15,000. Mpangilio ni uleule: safu moja ya seli za ndani, safu tatu za nje, na zikifa hazioti tena, si kwake si kwetu. Tunapoachana ni kwenye masafa ya sauti. Sisi tunaishia 20 kHz. Yeye huanzia karibu 1 kHz akafika karibu 100 kHz, na pazuri pake ni 16 kHz hivi.

Kipimo chetu kikuu ni ABR. Panya hulazwa kwa dawa, sindano tatu nyembamba zikawekwa chini ya ngozi, mlio mfupi ukachezwa mamia ya mara, na kompyuta ikatafuta wastani wa umeme mdogo mno unaotoka kwenye neva ya usikivu na shina la ubongo. Panya mzima hutoa mawimbi hadi matano ndani ya milisekunde 6 hivi. Sauti ndogo kabisa ambayo bado inaacha wimbi ndiyo kizingiti chake.

Kabla ya dalili yoyote: mashahidi wawili

Usiandike neno "kiziwi" kabla hujawaita mashahidi hawa. Wa kwanza ni panya mzima wa ukoo wa CBA/CaJ, wa miezi miwili au mitatu, ambaye ulishampima ukajua anasikia. Wa pili ni panya aliyekwisha kufa, wa jaribio jingine lililomalizika siku hiyo; usimuue mnyama kwa ajili ya hili.

Shahidi hai asipotoa wimbi, mashine yako ndiyo kiziwi. Maiti akitoa wimbi, mashine yako ni mwongo. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanaishia hapo.

Dalili: mstari umelala, hakuna wimbi hata kwa 90 dB

*Spika haitoi sauti.* Hii ndiyo ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Nilipoanza kazi hii niliandika "kiziwi" kwa panya tisa mfululizo kwenye 32 kHz, nikaanza hata kutunga kichwa cha makala. Waya wa spika ulikuwa umechomoka siku sakafu ilipopigwa deki, ukarudishwa kwenye tundu la jirani yake. Kwa 32 kHz hata ukiingiza sikio ndani ya spika huambulii kitu. Wewe si popo. Kwa hiyo cheza kwanza mlio mfupi wa "tak", kwa sauti ya chini. Unapaswa kuusikia kama matone ya kwanza ya mvua kwenye mabati. Kwa toni za juu, weka maikrofoni ya kupimia pale kichwa cha panya kinapokaa, uone kwenye skrini kama kitu kinafika.

*Amplifaya imelala.* Nyingi zina kichwa kidogo kinachotumia betri. Taa ya kijani haimaanishi betri imejaa, inamaanisha haijaisha kabisa. Chaji usiku.

*Sindano imetoka.* Ya kwanza hukaa utosini, ya pili nyuma ya sikio linalopimwa, ya tatu, ile ya ardhi, karibu na mkia. Inama, utazame kwa tochi. Mara nyingi utaona ncha imeingia ngozini ikatokea upande wa pili, inang'aa katikati ya manyoya, haigusi chochote chenye maana. Ukinzani ukizidi kilo-ohmu 3, toa, futa kwa spiriti, choma tena.

*Kompyuta na spika hazianzi pamoja.* Kompyuta ikianza kusikiliza kwa wakati tofauti kila mara, mawimbi yatafutana kwenye wastani na utabaki na mstari msafi ajabu. Usafi huo ndio wa kutiliwa shaka. Chomeka waya wa spika moja kwa moja kwenye mlango wa kurekodia: mlio unapaswa kuangukia mahali palepale kila ukirudia.

*Panya ni mchanga mno.* Panya huzaliwa hasikii. Tundu la sikio hufunguka siku ya 12 hadi 14 hivi. Aliyempima mtoto wa siku ya 10 amepima mlango uliofungwa.

*Kweli ni kiziwi.* Kabla ya dawa, akiwa macho kwenye ngome anamoishi, tikisa shada la funguo nyuma yake asikuone. Funguo hutoa sauti za juu ambazo masikio yetu hayazidaki. Anayesikia hurudisha masikio nyuma ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake. Asiyesikia huendelea kunawa uso. Haupimi kizingiti kwa funguo, ila ukiona masikio yanaruka halafu ABR imelala, rudi juu ya orodha hii uanze upya.

Dalili: wimbi kubwa na zuri, lakini halitaki kufa

Unashusha sauti kutoka 90 hadi 80, 70, wimbi la kwanza lipo, tena limekaa mwanzoni kabisa mwa skrini. Mwanafunzi hufurahi. Maiti naye analo.

Huo ni umeme wa spika unaorukia waya za sindano. Tazama saa yake. Spika ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye sikio, sauti yenyewe huchukua karibu milisekunde 0.3 kufika, na wimbi la kwanza la kweli huja baada ya milisekunde 1 na ushei. Chochote kinachotokea kwenye sifuri hakijapita sikioni. Tenganisha waya wa spika na waya za sindano, zisilale pamoja wala kupishana. Kisha weka mlio ubadilishe upande wake kila mara, chanya na hasi kwa zamu, ili umeme huo ujifute kwenye wastani. Zamu hiyo hufuta pia umeme wa koklea wenyewe unaoiga umbo la sauti, ambao wengi huuchanganya na wimbi la kwanza.

Dalili: skrini imejaa kelele, mawimbi yamezama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo muda mwingi unapotea katika mji huu.

Wimbi la ABR ni mikrovolti chache tu. Kwenye ukuta una volti 240 zinazobadilika mara 50 kwa sekunde. Kichujio cha kuanzia 300 Hz huondoa ile 50 yenyewe, ila vitukuu vyake, yaani vigawe vyake, 350, 450 na kuendelea, hupita mlangoni kama watu wa nyumbani. Kabla ya kununua chochote, fanya hivi, kimoja baada ya kingine, ukitazama skrini:

Chomoa chaja ya simu. Hiyo yako, ndiyo, iliyo mezani. Kisha chaja ya laptopu. Itumie kwa betri. Zima taa za mrija, tumia tochi. Zima mkeka wa joto kwa nusu dakika tu uone. Kama ndiye mchawi, badilisha utumie mkeka wa maji ya moto yanayozunguka, lakini usimwache panya bila joto kwa sababu ya picha safi. Suka waya tatu za sindano pamoja, kama unavyosuka nywele, ziwe fupi na za urefu mmoja.

Halafu tazama kasi ya mlio. Ukicheza mara 25 kwa sekunde, kila mlio unaikuta stima ikiwa mahali palepale kwenye mzunguko wake, na wastani badala ya kuifuta unaijenga. Mara 20 nayo inafungamana na kigawe cha 100. Weka 21. Badiliko hili halina gharama, na nimeliona likiokoa majaribio zaidi ya kizimba cha bei mbaya.

Kizimba chenyewe kinahitajika vilevile. Cha kwanza changu nilichongewa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, chuma na wavu, kazi safi. Fundi akanipakia rangi ya bluu bure, kama zawadi. Kelele haikupungua hata chembe. Rangi ilikuwa imeutenga mlango na fremu, kwa hiyo nilikuwa na vipande vitano vya chuma visivyojuana. Nilikaa sakafuni na kisu nikikwangua bluu kwenye kila bawaba, nikafunga waya wa shaba kati ya mlango na fremu, nikapeleka waya mmoja, mmoja tu, kwenye ardhi ya amplifaya. Ukiunganisha ardhi sehemu mbili unatengeneza duara, na duara hilo hukusanya stima kama antena.

Kuna kelele nyingine iliyonichukua mwezi. Ilianza saa tatu asubuhi, ikanyamaza saa saba mchana, ikarudi saa nane, ikaisha saa kumi na moja. Nilibadilisha kila kitu. Siku moja nikatoka nje kununua chapati saa saba, nikamkuta fundi wa welding wa upande wa pili wa ukuta naye anakula. Kelele ilikuwa inakwenda chakula cha mchana. Tangu hapo vipimo vya masafa ya chini navifanya jioni, na ukiona kelele yenye ratiba, tafuta binadamu mwenye ratiba hiyo.

Kelele isipotoka ukutani, hutoka kwa panya. Miiba inayojirudia mara tatu au nne kwa sekunde ni moyo; sogeza sindano ya ardhi, na ikague ile ya nyuma ya sikio isiwe imeteremka shingoni. Ukungu mnene unaokuja na kuondoka ni misuli: tazama masharubu. Yakitetemeka, dawa inaisha.

Acha, ita fundi: ukipima soketi ukakuta pini ya ardhi haina kitu, au ukiguswa na mtekenyo wa stima kwenye kizimba, zima swichi kuu utoke. Kuna "ushauri" unaozunguka wa kukata pini ya ardhi ya plagi ili kelele ipungue. Kelele itapungua, nawe siku moja utapungua. Ita fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Dalili: anasikia, lakini vizingiti vimepanda kwenye masafa yote

*Panya amepoa.* Watu wa nje hufikiri Nairobi ni joto. Njoo Julai usiku. Panya aliyelazwa hupoteza joto haraka kuliko chai kwenye kikombe cha bati, na mwili ukishuka chini ya nyuzi 37, neva hupunguza mwendo. Mzee anayetunza banda letu aliwahi kuniambia, bila kuangalia kipimajoto, "Mwalimu, huyu miguu yake imekuwa rangi ya karatasi." Kipimajoto kilisema 33. Tulikuwa tumeshaandika vizingiti vyake vyote.

Baridi ina alama yake: umbali kati ya wimbi la kwanza na la tano unanyooka. Tatizo likiwa sikio la kati, mawimbi yote huchelewa pamoja, lakini umbali kati yao haubadiliki. Pima umbali huo kabla ya kubishana.

*Kitu kimeziba.* Manyoya, nta, au sikio la nje lililokunjamana kwa jinsi ulivyomlaza. Mlaze vizuri, tazama kwa otoskopu.

*Spika imesogea.* Kwenye nafasi wazi, kutoka sentimita 10 hadi 20 unapoteza desibeli 6. Weka alama ya rangi mezani.

*Sikio la kati lina maji au usaha.* Koloni nzima inaweza kuwa hivyo bila panya hata mmoja kuonyesha ugonjwa. Panya wa C3H/HeJ, ambao jeni yao ya Tlr4 ina kasoro, wanajulikana kwa hilo. Ukimaliza jaribio, fungua mfupa wa sikio la kati chini ya hadubini: unapaswa kukuta hewa na kiwambo kinachong'aa. Ukikuta ute wa manjano, vizingiti hivyo havikuwa vya koklea.

*Umebadilisha dawa ya usingizi.* Isoflureni hupandisha vizingiti ukilinganisha na ketamini na zailazini. Usichanganye makundi mawili yaliyolazwa kwa dawa tofauti kisha ukaiita tofauti hiyo ya jeni.

Acha, ita daktari wa mifugo: ukikuta usaha kwa panya zaidi ya mmoja. Usianze kumimina antibiotiki kwenye chupa za maji. Baadhi ya antibiotiki zenyewe zinaweza kudhuru usikivu, na hutajua tena ni kipi kilichopandisha vizingiti.

Dalili: 8 kHz safi, 32 kHz hakuna

Soma kadi ya ngome kabla ya kugusa mashine. Ukoo gani? Umri gani?

C57BL/6J, yule mweusi ambaye karibu kila maabara duniani inaye, amebeba kasoro kwenye jeni ya Cdh23. Huanza kupoteza masafa ya juu akiwa na miezi michache tu, kisha uziwi unateremka polepole kuelekea chini. DBA/2J huanza mapema zaidi, wiki chache baada ya kuzaliwa. CBA/CaJ hubaki na masikio yake hadi uzeeni, ndiyo maana ndiye shahidi wetu. Alinijia mtafiti mmoja, uso umejaa furaha, amegundua jeni mpya ya uziwi. Panya wake wenye kasoro walikuwa na miezi kumi. Wa kulinganishia walikuwa na miezi miwili, tena wameagizwa kutoka banda jingine. Alichokuwa amegundua ni uzee. Linganisha ndugu wa tumbo moja, siku moja, kwa mkono uleule.

Kama ukoo na umri haviwezi kueleza, pima spika upya kwenye 32 kHz kwa maikrofoni ya robo inchi. Spika nyingi nzuri za muziki hukata tamaa baada ya 20 kHz, na hakuna aliyezilaumu kwa sababu wateja wao ni binadamu.

Dalili: ABR na DPOAE zinagombana

DPOAE ni mwangwi unaotoka ndani ya sikio: unacheza toni mbili kwa uwiano wa 1.2, na seli za nywele za nje zikiwa hai hurudisha toni ya tatu. Ukicheza 13.33 na 16 kHz, mwangwi utafute kwenye 10.67. Ugomvi wa vipimo hivi viwili una habari nyingi kuliko maafikiano yao, ila kwanza hakikisha si mashine. Ingiza ncha ya kipimio kwenye bomba la sindano lililokatwa. Mwangwi ukitokea ndani ya plastiki, spika zako zinajitungia; punguza sauti.

Mwangwi hakuna, ABR nzuri: karibu kila mara ncha haijakaa vizuri sikioni. Ni vigumu seli za nje zife na kizingiti kibaki pale pale.

Mwangwi upo, ABR hakuna: hapa punguza mwendo, huenda umepata kitu. Seli za nje zinacheza, lakini habari haifiki kwenye neva. Panya wasio na jeni ya Otof wako hivi hasa, na ni kutokana na kazi iliyofanywa kwa panya wa aina hiyo kwamba mwaka 2024 watafiti wa Shanghai walitangaza watoto waliozaliwa viziwi kwa kasoro hiyohiyo wakapata kusikia baada ya tiba ya jeni.

Na kuna ugomvi wa tatu, wa chini kwa chini. Vizingiti vya kawaida, mwangwi wa kawaida, ila wimbi la kwanza limekuwa kibeti. Mwaka 2009 Kujawa na Liberman walionyesha kwa panya wa CBA/CaJ kwamba saa mbili za kelele ya 100 dB zinaweza kuacha vizingiti vikirudi vizuri huku viungio kati ya seli za ndani na neva vimepotea moja kwa moja. Kabla ya kudai umeona hilo, hakikisha sindano ziko mahali palepale kwa kila panya. Milimita mbili za kusogea zinatosha kudumaza wimbi. Nikipanda matatu yenye spika chini ya kiti, nalifikiria wimbi la kwanza langu mwenyewe.

Dalili: panya anazunguka, anatikisa kichwa

Mnyanyue kwa mkia, taratibu, juu kidogo ya meza. Panya mzima hunyoosha mikono kutafuta ardhi. Mwenye tatizo la usawa hujikunja kuelekea tumboni, akijisokota. Ikiwa ni ukoo wote, tangu wiki za kwanza, fikiria jeni: Myo7a, Cdh23 na Pcdh15 zikiharibika kabisa huleta uziwi na kizunguzungu pamoja, kwa sababu seli za usawa na za usikivu ni ndugu. Ikiwa ni mmoja, ghafla, kichwa kimelalia upande, fikiria maambukizi yaliyopita sikio la kati.

Acha hapo hapo: usimwingize kwenye jaribio la kuogelea. Asiyejua juu na chini hupiga mbizi akidhani anapanda. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Ndivyo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kamati yako ya maadili zitakavyokuuliza.

Dalili: panya haamki

Sababu kubwa ni hesabu. Dozi ya kawaida ni ketamini mg 100 na zailazini mg 10 kwa kilo. Kwa panya wa gramu 25 hiyo ni mg 2.5 na mg 0.25. Zailazini ya mifugo huuzwa kwa nguvu mbili, mg 20 na mg 100 kwa mililita, na chupa zinafanana kama mapacha. Aliyezoea moja akichukua nyingine ametoa mara tano. Soma lebo kwa sauti, mwenzako asikie.

Sababu ya pili ni nyongeza. Akianza kutikisika, ongeza sehemu ndogo ya ketamini peke yake. Zailazini huchelewa kutoka na huuzamisha moyo. Ya tatu ni baridi, tena. Baada ya kipimo mpe atipamezoli ya kuizimua zailazini, maji ya chumvi yaliyopashwa joto chini ya ngozi, na ngome ya peke yake yenye karatasi, si vumbi la mbao linaloingia puani. Usimrudishe kwa wenzake kabla hajatembea. Pumzi zikiwa za kukwama, moja moja, kichwa kikivutwa nyuma, usiendelee kurekodi ili "umalize 32". Ita daktari. Na chupa ya ketamini irudi kabatini chini ya kufuli, iandikwe daftarini, usiku huohuo.

Dalili: dawa ya kuua masikio haiui

Wanafunzi wa hapa hupenda somo hili, na wana sababu: wengi wana jamaa aliyepona kifua kikuu sugu kwa sindano za kanamaisini akabaki hasikii. Wanampa panya kanamaisini, wanangoja, panya anasikia kama mwizi. Hakuna kilichoharibika. Panya ni sugu kwa dawa hizo zikiwa peke yake. Maabara nyingi hufuatisha furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, muda mfupi baadaye. Hiyo ni itifaki mpya, kwa hiyo ni ruhusa mpya. Rudi kwa kamati kabla hujarudi kwa sindano.

Dalili: koklea inavunjika, au seli za chini hazionekani

Baada ya vipimo tunaitoa koklea tuzitazame seli zake kwa hadubini. Ikipasuka kama ganda la karanga, mfupa haujalainika. EDTA, kemikali ya kuulainisha, inachukua siku mbili hadi tano, si usiku mmoja. Unga wake hauyeyuki hadi uipandishe pH kuelekea 8, kwa hiyo kama chini ya chupa yako kuna theluji, umeloweka mifupa kwenye maji. Choma ukingo kwa sindano: ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, iko tayari. Ikilia "kck", irudishe.

Seli zikiwa zimevimba na kukosa mipaka, dawa ya kuhifadhi ilichelewa kuingia. Toboa matundu mawili ya koklea, dirisha la duara na la yai, mara tu baada ya kutoa sikio, upitishe paraformaldehaidi ya asilimia 4 polepole kwa pipeti. Rangi hafifu kila mahali huwa kingamwili ya kutia seli rangi iliyoyeyuka na kuganda mara nyingi. Igawe kwenye vichupa vidogo siku inapofika kutoka uwanja wa ndege.

Zile za upande wa chini, za masafa ya juu, zikikosekana kwa panya aliyesikia 32 kHz jana, si ugonjwa, ni koleo lako. Sehemu hiyo imekaa kwenye kona ya mfupa, na kila mwanafunzi huipasua mara kumi za kwanza. Tafuta ukingo: seli zilizokufa huacha kovu laini lililopangika, zilizong'olewa huacha mchano wenye nyuzi. Ukiona mchano, weka koleo chini, uende kwa mtu aliyewahi kuitoa nzima, ukakae kando yake umtazame. Sikio la pili la panya huyo liache ndani ya EDTA hadi utakaporudi.